Mtetea Aliyedumaa: Mchunguze Kabla ya Kumchinja

Mtetea anayechelewa kukua kuliko wenzake si lazima awe ameanguliwa na kasoro. Mara nyingi hunyang'anywa chakula, ana minyoo, au anaugua kuhara damu. Mtenge mahali pakavu penye joto, lakini awaone wenzake, ili wasimkatae atakaporudishwa. Mpe chakula cha kuku wanaokua na maji safi, kisha mpime uzito kila wiki. Vidole vikijikunja, huenda amekosa vitamini B2. Miguu ikipooza au shingo ikipinda, mwite mtaalamu wa mifugo mara moja, kwani huweza kuwa mahepe au mdondo. Akipewa dawa, mayai na nyama yake visiliwe hadi muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa uishe.