Kuhara damu: Kamera huonyesha ugonjwa umefika wapi

Mgonjwa anayehara damu kwa miezi mitatu hapa Shinyalu huwa amezunguka sana kabla ya kufika mbele ya daktari. Amemeza dawa za amiba mara tatu au nne, nyingine zikinunuliwa sokoni bila cheti. Amepimwa damu akaambiwa ana homa ya matumbo, akadungwa sindano. Amekunywa miti shamba. Kila mara hupata nafuu ya siku chache, kisha damu na makamasi hurudi. Hapo ndipo mwanawe aliye Nairobi au Mombasa hupigiwa simu atume pesa, naye huuliza swali la haki: hicho kipimo cha kuingiza mpira wenye kamera kina faida gani, ikiwa tayari yajulikana kwamba mama anaumwa na tumbo?

Ili kulijibu, yafaa kwanza tujue ni maradhi gani tunayoyatafuta.

Utumbo mpana una utando laini unaong'aa, kama upande wa ndani wa shavu. Kwa watu fulani, kinga ya mwili ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu hugeuka na kuushambulia utando huo. Hali hiyo huitwa mchochota: utando huwa mwekundu, huvimba, kisha hufanya vidonda. Maradhi makuu ya aina hii ni mawili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana. Huanzia mwishoni, karibu na njia ya haja kubwa, na kupanda juu bila kuruka mahali. Ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Daktari Burrill Crohn wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932, waweza kushika popote tangu mdomoni hadi mwisho. Huo huruka sehemu na kuacha nyingine nzima, na vidonda vyake huzama hata vikatoboa utumbo au kuufanya mwembamba ukazibika.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda hadi miaka ya 1960, alifundisha kwamba ni nadra kwa Waafrika wa mashambani kwa sababu ya vyakula vyao visivyokobolewa. Kweli yalikuwa machache. Hata hivyo, mwaka 1964 British Medical Journal ilichapisha habari za Waafrika wanne wenye kolaitisi ya vidonda. Mimi naamini kwamba pasipo na kamera, kila anayetokwa na damu huitwa mgonjwa wa amiba, na hivyo ugonjwa huu huhesabiwa kuwa haupo.

Sasa tuje kwenye ukali wa ugonjwa. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walitupa kipimo ambacho hata zahanati isiyo na mitambo yaweza kukitumia. Mgonjwa akienda haja yenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, na pamoja na hayo awe na joto la mwili linalopita 37.8, au moyo unaopiga zaidi ya mara 90 kwa dakika, au upungufu wa damu, basi hali yake ni mbaya na alazwe hospitalini. Kipimo hicho kingali kinatumika.

Lakini dalili hudanganya, tena pande zote mbili. Mgonjwa wa Crohn aweza kutembea, kulima na kula vizuri huku vidonda vikizidi kuzama. Mwingine hulia kwa msokoto wa tumbo kila siku, na kamera ikiingia utando unaonekana mzima kabisa. Huyo hahitaji dawa kali, anahitaji ushauri mwingine. Ndiyo sababu anayeangalia kwa kamera haandiki tu kwamba ameona ugonjwa. Huupa alama.

Kwa kolaitisi ya vidonda, alama zinazotumika sana ni zile zilizotokana na utafiti wa Mayo Clinic ya Marekani mwaka 1987. Sufuri ni utando mzima, au uliokwisha kupona. Moja ni wekundu kidogo, na ile mishipa midogo ya damu ambayo huonekana wazi kwa mtu mzima imeanza kufifia. Mbili ni wekundu mwingi, mishipa haionekani tena, kuna michubuko, na utando hutoa damu ukiguswa. Tatu ni vidonda, na damu inayotoka yenyewe bila kuguswa. Ugonjwa wa Crohn huhesabiwa kwa njia ndefu zaidi: utumbo hugawanywa sehemu tano, na katika kila sehemu hupimwa ukubwa wa vidonda, eneo lililoliwa na vidonda, eneo lote lililoguswa na ugonjwa, na kama njia imekuwa nyembamba.

Alama hizo si mapambo ya ripoti. Ndizo zinazosaidia kuamua kama vidonge vya kawaida vya kutuliza utando vitatosha, au kama zinahitajika steroidi kama prednisoloni, au dawa kali kuliko hizo.

Na hapa ndipo penye hatari ambayo Uingereza si kubwa kama kwetu. Prednisoloni huzima mchochota haraka, lakini hufanya hivyo kwa kuishusha kinga ya mwili. Ikiwa vidonda hivyo kumbe ni vya amiba, utumbo waweza kutoboka. Ikiwa ni kifua kikuu cha tumbo, ugonjwa huenea. Kwa macho, kifua kikuu hufanana mno na Crohn. Vyote viwili hupenda pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Vidonda vya kifua kikuu aghalabu huuzunguka utumbo kama pete, na vya Crohn hufuata urefu wake, ila hiyo si sheria. Kwa hivyo anayeangalia hunyofoa vipande vidogo vya utando (mgonjwa hasikii uchungu) vipelekwe maabara. Mwenye kutuma pesa aulize mapema kama ada ya kupima vipande imo katika bei, kwani mara nyingi hulipwa kando. Kipimo kisicho na vipande ni nusu ya kazi.

Kipimo chenyewe huitwa kolonoskopi. Mpira ni mnene kama kidole, na mgonjwa hupewa dawa ya usingizi mwepesi. Taabu kubwa ni siku iliyotangulia: hakuna ugali wala maziwa, ni maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa, kisha dawa ya kuharisha hadi kinachotoka kiwe kama maji. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma viachwe wiki moja kabla, maana huufanya utumbo kuwa mweusi. Nawashauri wanaotoka huku kwenda Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, walale mjini kwa jamaa usiku huo. Dawa ile na safari ya matatu havipatani. Pigeni simu kwanza pia, msije mkakuta mtambo uko kwa fundi.

Wazee wengine huona aibu, hasa wakisikia huenda anayepima ni kijana wa rika la wakwe zao. Aibu hiyo naiheshimu. Mtu aweza kuomba apimwe na daktari mwanamume au mwanamke, na hufunikwa shuka wakati wote.

Kuna wakati kamera haitakiwi kwenda mbali. Mgonjwa aliye katika shambulio kali, tumbo limejaa na linauma likiguswa, hapewi dawa ya kuharisha wala kupimwa utumbo mzima, kwani waweza kutoboka. Huyo hupigwa eksirei ya tumbo, na daktari huangalia sehemu ya mwisho tu. Hiyo hutosha kuona ukali na kuchukua vipande.

Baada ya matibabu kuanza, damu yaweza kukoma katika wiki chache, na wengi hapo huacha dawa. Utando hupona polepole kuliko dalili. Kwa hiyo kamera hurudiwa baada ya miezi kadhaa, na ikiwa alama ingali mbili au tatu, dawa hubadilishwa ijapokuwa mgonjwa anasema yu mzima. Siku hizi maabara kubwa za mijini hupima pia kalprotektini katika choo, nayo yaweza kupunguza idadi ya safari. Lakini amiba na vijidudu vingine huipandisha vilevile.

Aliyeishi na mchochota wa utumbo mpana kwa miaka 8 huanza kuangaliwa kwa kamera kwa ajili ya saratani, hata akiwa hana dalili yoyote. Nakala ya ripoti ya kwanza, yenye alama na majibu ya vipande, ihifadhiwe nyumbani pamoja na kitambulisho.