Kupima Sonona kwa Wanaume wa Kichina: Mafunzo Niliyopata Boston

Mwanamume mwenye sonona mara nyingi haji kliniki akilalamika kuwa ana huzuni. Huja kwa sababu halali usiku, kifua kinambana, chakula hakimpiti. Nimeliona hili kwa karibu nikiwa muuguzi katika kliniki ya afya ya msingi jijini Boston, Marekani, ambako sehemu kubwa ya wagonjwa wetu ni wahamiaji kutoka China na Hong Kong: wapishi wa migahawa, waosha vyombo, mafundi ujenzi, wengi wao wazee waliokwisha kustaafu. Tunawapima sonona kwa dodoso lililotafsiriwa kwa Kichina. Mimi Kichina sikijui, nazungumza nao kupitia wakalimani. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu dodoso hilohilo liko kwetu pia. Watafiti walilipima magharibi mwa Kenya kwa watu wanaoishi na VVU, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009.

1. Mgonjwa hujibu mtu na mahali, si karatasi peke yake

Dodoso lenyewe linaitwa PHQ-9. Lilitungwa na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na likachapishwa mwaka 2001. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, kujiona umeshindwa, umakini, kuwa mzito wa mwendo au kuhangaika, na mawazo ya kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Anayefikisha 10 anahitaji kuangaliwa kwa kina. Tafsiri yake ya Kichina ilifanyiwa majaribio hapahapa Boston na timu ya Dkt. Albert Yeung, na kwa maoni yangu ni tafsiri nzuri.

Sasa mtazame mzee mmoja, mpishi mstaafu. Alipewa fomu mapokezi, akaijaza akiwa amesimama kaunta, watu wamepanga foleni nyuma yake, baadhi yao majirani zake. Aliirudisha muda si mrefu. Sifuri tisa, zote zimepitiwa kwa mstari mmoja wa kalamu kutoka juu hadi chini. Siku hiyohiyo alimwambia daktari kwamba halali zaidi ya saa tatu, na nilipompima uzito nikaona mkanda wake umetobolewa tundu jipya kwa msumari, mbali kabisa na yale ya kiwandani.

Tulimwingiza chumbani, tukafunga mlango, mkalimani akaketi karibu naye na kumsomea fomu ileile kwa sauti. Hakuna neno lililobadilishwa. Alama zilipita 10. Tangu hapo, mwanamume akinirudishia sifuri tupu na mwili wake unasema vingine, siiandiki kama matokeo. Naomba chumba, naomba mkalimani, namsomea upya.

2. Anza na mwili, na uuamini

Mwaka 1980, daktari wa magonjwa ya akili na mwanaanthropolojia Arthur Kleinman alifanya utafiti katika Chuo cha Tiba cha Hunan, mjini Changsha. China ilikuwa imetoka juzi tu katika Mapinduzi ya Utamaduni, na hospitali zilijaa watu walioambiwa wana shenjing shuairuo, yaani udhaifu wa mishipa ya fahamu. Walilalamikia kichwa, kizunguzungu, usingizi, kuishiwa nguvu. Kleinman aliwachunguza 100 kati yao, na 87 walikuwa na dalili zote zinazohitajika kusema mtu ana sonona kali.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2004, Yeung na wenzake walichapisha mahojiano yao na Wachina 29 wa Boston waliokwisha kuthibitishwa kuwa na sonona. Asilimia 76 walieleza shida za mwili. Hakuna hata mmoja aliyetaja huzuni kwa hiari yake.

Kuna wahudumu wanaosoma takwimu hizi na kusema Wachina "wanaficha huzuni ndani ya maumivu". Kauli hiyo siikubali. Kifua kinachobana kinabana kweli. Mzee hafichi kitu, anakueleza kinachomuumiza zaidi na anachodhani daktari ana uwezo nacho. Sisi wenyewe tunasema moyo umechoka, mwili hauna raha, mawazo yamezidi, na tunaeleweka. Kwa hiyo kabla sijaigusa fomu nauliza usingizi, tumbo, mgongo, nguvu za kupanda ngazi. Nampima presha, nasikiliza, naandika. Fomu inakuja baada ya hapo, kwa mpangilio wake uleule. Ukimuuliza habari za huzuni wakati huo, mara nyingi anakubali kwamba ipo, tena kwa utulivu.

3. Ufupisho wa maswali mawili unawaacha wanaume hawa nje

Kliniki nyingi zenye haraka huuliza maswali mawili ya kwanza tu, lile la hamu na lile la huzuni. Mgonjwa asipofikisha alama 3 kati ya 6, anaruhusiwa kuendelea. Lakini usingizi ni swali la tatu, uchovu la nne, chakula la tano. Mwanamume anayekana huzuni kwa adabu, na ambaye angejibu kweli kuhusu usingizi, hafiki huko. Kwa wagonjwa wa aina hii naona ni heri kuuliza yote tisa au kusubiri siku yenye nafasi.

4. Uliza kuhusu hasira, pombe na kamari

Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye PHQ-9. Mafunzo makubwa kuhusu jambo hili yalitoka Gotland, kisiwa cha Sweden, ambako miaka ya 1980 madaktari wa kawaida walifundishwa kutambua na kutibu sonona. Vifo vya kujiua vilipungua kwa wanawake. Kwa wanaume havikupungua kwa namna hiyo. Daktari Wolfgang Rutz na wenzake walipochunguza, waliona kwamba wanaume walikuwa wanaonyesha sonona kwa ghadhabu, ulevi na papara, mambo ambayo madaktari hawakufundishwa kuyatafuta. Ndipo likatungwa dodoso la wanaume lenye jina la kisiwa hicho.

Hapa Boston mabasi hutoka Chinatown kwenda kwenye kasino za jimbo jirani la Connecticut. Wapo wanaokwenda kujiburudisha na kurudi. Wapo pia wanaokwenda kwa sababu nyumbani hakukaliki, mke hasemeshwi, watoto wamehama, na mpishi aliyesimama mbele ya jiko maisha yake yote hajui mikono aiweke wapi. Siulizi "Unacheza kamari?" kama polisi. Nauliza siku yake inakwendaje tangu asubuhi, kisha nasubiri. Mara nyingi basi linatajwa bila kulazimishwa, na baada ya basi, deni.

5. Mtoto wa mgonjwa asitumiwe kama mkalimani

Binti aliyemleta baba yake ana haki ya kuwa na wasiwasi na haki ya kusikilizwa. Lakini baba hatamwambia binti yake kwamba anajiona ameshindwa maisha, na binti hatamtafsiria baba yake swali la kutaka kufa. Binti asubiri nje kidogo, aambiwe kwa heshima kwa nini.

Mkalimani mwenye sifa anabadilisha kila kitu. Mmoja wa wakalimani wetu, mwanamke wa makamo, huwasalimu wazee kwa neno la Kikantoni lenye maana ya baba mkubwa. Akishaitwa hivyo, mzee hujiweka sawa kwenye kiti na mazungumzo huanza.

Lugha nayo iulizwe mapema. Wako wa Kikantoni, wa Kimandarini, wa Fuzhou, na wazee wa Taishan ambao lahaja yao Wakantoni wengi hawaifuati vizuri. Maandishi ni mawili: yaliyorahisishwa ya China bara na yale ya zamani ya Hong Kong na Taiwan. Na wapo waliosoma madarasa machache tu, ambao maandishi yoyote yatawashinda. Kwa hao, kusomewa ndiyo njia.

6. Swali la tisa lisilainishwe

Kwa Wachina wengi, hasa wa umri mkubwa, kumtajia mzee habari za kifo ni kumwombea mabaya. Mkalimani mwenye malezi mema hujisikia vibaya kuliuliza, na bila kukusudia hulipunguza makali: "Huna mawazo mabaya, sivyo?" Hapo jibu limeshatolewa kwa niaba ya mgonjwa.

Kwa hiyo tunakubaliana kabla ya kuingia chumbani. Namwambia mkalimani kwamba swali hilo litasomwa lilivyo, kwamba nitaanza kwa kumwomba mzee radhi, na kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo la kujiua. Kisha nanyamaza hata kama kimya ni kirefu. Akijibu chochote zaidi ya sifuri, haondoki kabla hajaonana na daktari siku hiyohiyo. Jumla ya alama zake hata ikiwa ndogo haimtoi katika utaratibu huo. Marekani kuna namba ya simu ya dharura, 988, tangu Julai 2022, lakini mzee asiyejua Kiingereza simpi namba tu. Nampa mtu.

7. Usipime kama huna pa kumpeleka

Jopo la taifa linaloshauri huduma za kinga hapa Marekani liliposhauri mwaka 2002 watu wazima wapimwe sonona, liliweka sharti: mahali penye utaratibu wa kuthibitisha ugonjwa, kutibu na kufuatilia. Sharti hilo ndilo linalosahauliwa haraka. Dodoso halithibitishi ugonjwa. Linasema tu kwamba huyu aangaliwe.

Kwenye kliniki yetu, mshauri anayezungumza Kikantoni ana chumba kwenye korido ileile ya daktari wa presha na kisukari. Mpishi yule mstaafu alikubali kumwona kwa sababu hiyo hasa. Mlango aliopitia ni uleule anaoingilia kila akija kuchukua dawa za presha, na hakuna jirani ambaye angejua amekwenda kutafuta nini. Angepewa karatasi ya rufaa kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ng'ambo ya jiji, sidhani kama angekwenda. Alitibiwa kwa dawa na mazungumzo, na nilimpigia simu kupitia mkalimani kujua kama amezimeza, kwa sababu wengi huziacha zinapochelewa kuonyesha kazi.

Wauguzi na matabibu wenzangu mnaotumia dodoso hili kwa Kiswahili, iwe Eldoret, Mwanza au Bukavu: kabla ya kuchapisha fomu nyingine, tafuteni chumba chenye mlango unaofungwa, mtu wa kuisoma kwa sauti, na mtu wa kumpokea mgonjwa siku hiyohiyo. Hayo matatu yakikosekana, anzeni nayo kwanza.