Kengele Haipo Tena: Somo kwa Vijana Waingiao Chuo Kikuu



Kila mwaka, ifikapo Oktoba na Novemba, baadhi ya vijana wa parishi yetu hufunga mabegi kwenda vyuo vikuu: Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro, Mwanza na kwingineko. Tunawaaga kwa furaha, na wengine tumewachangia hata nauli. Lakini yafaa tuseme wazi jambo ambalo hunong'onwa tu: si wote wafikao mwaka wa pili. Wako wanaorudishwa nyumbani kwa kushindwa masomo, na wanafunzi wenyewe huita jambo hilo "kudisko". Tena wengi wao si wajinga. Walifaulu vizuri kidato cha sita, na walimu wao waliwasifu. Basi, ni nini kilichowapata?

Somo hili nalielekeza kwa vijana, lakini wazazi wasifunue ukurasa mwingine kwa haraka. Nao wana sehemu yao.

Fikirini maisha ya shule ya bweni. Kengele ya kuamka, kengele ya mstarini, kengele ya vipindi, ya chakula, ya kujisomea jioni, na mwisho taa huzimwa. Mwanafunzi hakupanga hata saa moja ya siku yake, alipangiwa. Mwalimu wa zamu alijua nani hayupo. Sasa kijana huyo huyo anafika chuoni, anakuta Jumatatu ana vipindi vitatu na Jumanne asubuhi hana hata kimoja. Hakuna amwulizaye alikuwa wapi. Asiyezoea kujipangia huona kwamba Jumanne ni sikukuu, kumbe ndiyo siku ya kazi iliyo kubwa kuliko zote.

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Zidisha, upate saa 1,200. Tuseme mwaka wa masomo una wiki 32 pamoja na mitihani. Utapata saa 37 na nusu kila wiki. Kama ratiba yako ya darasani ina saa 18, basi unadaiwa saa 19 na nusu nyingine za kusoma peke yako, maktabani na chumbani. Saa hizo hazikuandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ndiyo maana husahauliwa.

Lakini endelea na hesabu. Wiki ina saa 168. Toa saa 56 za usingizi, yaani 8 kila usiku. Toa hizo 37 na nusu za masomo. Toa saa 28 za kula, kufua, kuoga na kusubiri daladala. Zimebaki saa 46 na nusu! Huo ni muda tele wa kwaya, mpira, ibada, na kukaa na wenzako mkicheka. Kwa hiyo anayesema kwamba masomo hayampi nafasi ya marafiki, na anayesema kwamba marafiki wamemmalizia muda wa masomo, wote wawili hawajaketi na kalamu.

Mtu asidhani naandika haya ili kuwatisha vijana wajifungie vyumbani. La, hasha. Katika chuo cha ualimu nilikofundisha alikuwapo mwanafunzi ambaye hakujulikana na mtu ila mkutubi. Alipopata malaria alilala siku mbili kabla mtu hajagundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa na desturi ya kumgongea mlango. Alipona, ashukuriwe Mungu. Mwenye marafiki huambiwa kwamba jaribio limesogezwa mbele, hupelekwa zahanati usiku, na akipokea habari za msiba kutoka nyumbani yuko wa kukaa naye. Mwanafunzi mpweke husoma saa nyingi, lakini macho hupita juu ya maandishi tu.

Namna ya kusoma ni muhimu kuliko wingi wa saa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka. Aliona kwamba sehemu kubwa ya tunayojifunza hutoweka mapema sana, katika saa na siku za kwanza, kisha kusahau huenda polepole. Maana yake kwako ni hii: somo la asubuhi lipitie jioni hiyo hiyo, hata kwa dakika ishirini, kisha ulirudie baada ya siku chache. Tena mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walionyesha kwamba wanafunzi waliojijaribu kukumbuka bila kutazama kitabu walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliosoma na kusoma tena. Basi funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka. Inauma, lakini hufaa kuliko kupaka rangi mistari ya "madesa", yale makaratasi ya kudurufu yanayorithishwa mwaka hadi mwaka pamoja na makosa yake.

Kukesha usiku kucha kabla ya mtihani sikusifu. Ubongo huyaimarisha tuliyojifunza wakati tumelala. Anayeufuta usingizi anafuta na kazi aliyokwisha kuifanya.

Kikundi cha kusomea ndicho mahali ambapo urafiki na masomo hukutana bila kugombana. Wawe wanne au watano. Kila mmoja apewe mada ya kuwafundisha wenzake, aje akiwa ameiandaa. Anayefundisha hujua upesi mahali asipoelewa. Kikundi cha watu kumi na wawili si kikundi tena, ni kamati ya harusi.

Kuhusu kualikwa huku na huku: panga mapema saa zako za starehe, kwa mfano Ijumaa jioni na Jumamosi mchana, nazo zifurahie bila kujilaumu. Rafiki akikuita Jumatano, mjibu, "Leo hapana, Ijumaa nipo." Ukisema hivyo mara tatu, atazoea. Simu nayo iwekwe ndani ya begi wakati wa kusoma. Najua matangazo ya darasa siku hizi huja kwa WhatsApp. Yasome mchana na jioni, yatosha.

Wala usingoje mwisho wa muhula ndipo uanze. Katika vyuo vingi kazi na majaribio ya katikati ya muhula hubeba kama alama 40 kwa 100. Anayestarehe wiki sita za kwanza amekwisha kuzitumia alama hizo, na "sapu", yaani mtihani wa marudio, humla likizo yake.

Sasa wazazi. Tusimwite mtoto nyumbani kwa kila harusi na kila kikao cha ukoo. Tumwulize kwanza ana jaribio lini. Tusiigeuze fedha yake ya mkopo kuwa akiba ya nyumba nzima, maana ile ni ya chakula na malazi yake. Na tukimpigia simu tusiulize matokeo tu. Tumwulize pia anakaa na nani, na kama anakula.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi cha vijana, au nyumbani baada ya chakula:

1. Andika saa zako za wiki iliyopita, kama unavyozikumbuka. Ngapi hujui zilikokwenda?

2. Ungeumwa ghafla usiku, ni nani chuoni angejua kabla ya asubuhi?

3. Mzazi, je, wajua mwanao ana mitihani mwezi gani?