Rangi Nayo Ina Skeli: Thina, Presha na Modeli za Darasani

Sisi tunaosoma ualimu tukitengeneza modeli ya kufundishia, nguvu zote tunazimalizia kwenye kupima na kukata. Boksi linapimwa kwa rula, gundi inapakwa kwa uangalifu, skeli inaandikwa pembeni kwa herufi nzuri. Ikifika zamu ya rangi, mtu anachovya brashi kwenye kopo na kupaka kama anapaka geti. Modeli inaharibikia hapo. Rangi ina unene, na unene huo nao una skeli.

Tufanye hesabu. Meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini jijini Mwanza Februari 2023, ina urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17. Kwa skeli ya 1:100 unapata modeli ya sentimita 92.6 kwa 17, inakaa vizuri juu ya meza ya mwalimu. Abiria wa mita 1.7 anakuwa wa sentimita 1.7. Bomba la kushikia lenye kipenyo cha sentimita 5 linakuwa waya wa nusu milimita. Sasa paka rangi nzito, yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwenye meli halisi hiyo ni rangi ya sentimita nzima! Paka mara tatu, na ule waya wa milimita 0.5 unafika milimita 1.1, yaani bomba la sentimita 11. Hakuna mtoto ambaye kiganja chake kitalizunguka bomba hilo. Hesabu uliyofundisha ubaoni imekanushwa na modeli yako mwenyewe.

Kwa nini nahangaika na meli? Nilikuwa field Nassa, wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Pale uko kando ya Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya maji ni Ukerewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, lakini waliokufa peke yao walizidi 220. Mtoto wa huku atapanda chombo cha majini siku moja, apende asipende. Anatakiwa ajue kuangalia ubavu wa chombo kabla hajaweka mguu ndani.

Ubavuni kuna alama inayoonyesha chombo kinatakiwa kuzama hadi wapi kikiwa na mzigo. Uingereza iliiweka kwenye sheria mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini na meli zilizozidishwa mizigo. Kwa meli za baharini, mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 unataka duara la kipenyo cha milimita 300 lililokatwa na mstari, na mistari yote iwe na unene wa milimita 25. Kwa skeli ya 1:100 duara hilo ni milimita 3 na mstari ni robo milimita. Halafu kumbuka: ukikosea milimita 1 kwenye mstari wa maji wa modeli, umekosea sentimita 10 za maji kwenye meli. Kwa brashi ya kawaida na rangi nzito, hapo hufiki.

Kifaa chenyewe

Eabrashi ni bunduki ndogo ya rangi, unaishika kama kalamu. Hewa inapita kwa kasi kwenye mdomo wake, inavuta rangi na kuipasua kuwa vitone vidogo sana. Tundu la mdomo huwa kama milimita 0.2 hadi 0.5, kwa kuanzia, 0.3 inatosha. Wapamba keki na mafundi kucha wa mjini wanaitumia pia, kwa hiyo si kitu cha maabara. Kama boom haliruhusu, changeni watu watano mnunue moja.

Hewa inatoka kwenye kompresa. Kando ya barabara ya Mwanza–Musoma hukosi fundi pancha mwenye kompresa, mnaelewana. Umeme ukisumbua kuna mbinu ya zamani ya watengeneza modeli: tairi la akiba la gari, likiwa kwenye ringi yake, linajazwa na kuwa tangi la hewa. Usitumie tyubu tupu bila tairi, inaweza kupasuka.

Kuchanganya

Kwanza jua rangi yako inakubali nini. Rangi ya maji inapunguzwa kwa maji. Rangi ya mafuta inapunguzwa kwa tarpentaini au dawa iliyoandikwa kwenye kopo lake. Thina kali ya magari ni ya rangi za magari. Ukiipuliza kwenye yale maboksi meupe mepesi yanayofungia televisheni, inayayeyusha mbele ya macho yako. Mafuta ya taa yaache, yanabaki na utelezi na rangi inachelewa kukauka. Petroli usiiguse kabisa.

Pili, pima. Nunua bomba la sindano duka la dawa, tupa sindano, baki na bomba. Anza na mililita 5 za rangi kwa 5 za kipunguzi. Koroga taratibu, kisha ongeza kidogo kidogo. Kipimo chenyewe ni maziwa, na Usukumani kila mtu anayajua: tunataka maziwa mabichi, si mtindi. Tingisha kikombe. Rangi ikiteremka ukutani na kuacha utando mwembamba unaofuata pole pole, iko tayari. Ikiganda ukutani, ni nzito. Ikiteremka yote na kuacha ukuta mtupu, umezidisha kipunguzi.

Tatu, chuja kwa kipande cha soksi laini ya nailoni. Punje moja inatosha kuziba tundu la milimita 0.3. Na andika kwenye daftari namba ulizotumia, ili kesho usianze kubahatisha upya.

Presha na mkono

Presha na wepesi wa rangi vinakwenda pamoja. Rangi nyepesi inataka presha ndogo, nzito kidogo inataka kubwa. Anza kwenye psi 15 hadi 25. Tairi la gari dogo huwa na psi 30 na kitu, kwa hiyo mwambie fundi pancha unataka kama nusu yake, atakuelewa haraka kuliko mhadhiri.

Eabrashi nyingi zina kitufe kimoja chenye kazi mbili: ukibonyeza chini inatoka hewa, ukivuta nyuma inatoka rangi. Utaratibu ni huu: fungua hewa kwanza, rangi baadaye; ukimaliza, funga rangi kwanza, hewa mwisho. Kaa sentimita 8 hadi 12 kutoka kwenye modeli. Anza kupuliza kabla ya ukingo, pita bila kusimama, malizia nje ya ukingo wa pili. Pito la kwanza liwe kama umande tu, modeli bado inaonekana chini yake. Subiri likauke, kisha rudia mara tatu au nne.

Kwa mstari wa maji, puliza rangi ya chini, iache ikauke kabisa, bandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi na uikandamize kwa ukucha. Puliza tena kidogo rangi ileile ya chini kwenye ukingo wa tepu, izibe mianya, ndipo uweke rangi ya juu. Bandua tepu kabla rangi haijawa ngumu. Alama ya mzigo yenyewe itengenezee kipande cha ubavu cha pembeni, kwa skeli ya 1:10: duara sentimita 3, mstari milimita 2.5. Hata wa dawati la nyuma ataiona.

Ikikataa

Ikitoa miguu kama ya buibui, rangi ni nyepesi mno, presha imezidi au umesogea sana. Ikitoa machozi, umesimama mahali pamoja. Ikikauka na kukwaruza kama msasa, vitone vinakauka angani: sogea karibu au punguza presha. Ikitema, mdomo umeganda rangi. Futa kwa pamba yenye kipunguzi. Na fanya kazi asubuhi. Mchana jua ni kali na upepo wa ziwa unaleta vumbi. Jioni wadudu wadogo wa ziwani wanafuata taa na kunasa kwenye rangi mbichi.

Mapafu yako, vidole vyao

Ukungu wa rangi unaingia kifuani, na mvuke wa thina unashika moto. Pulizia nje, mbali na jiko la mkaa na sigara. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa. Kama huna, tumia rangi ya maji, na hata hapo funika pua na mdomo.

La mwisho ni la watoto. Modeli ya darasani inashikwa, na vidole vinaishia mdomoni. Baadhi ya rangi, hasa za njano na nyekundu, zimewahi kutengenezwa kwa madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ukomo unaopendekezwa kwenye rangi ni sehemu 90 katika milioni. Soma kopo. Kama halisemi kwamba halina risasi, lirudishe dukani.

Kabla hujaipeleka modeli darasani, jipe jaribio moja. Mwite mtu ambaye hajaiona, mpe rula, mwambie apime kutoka mstari wa maji hadi sitaha na akuambie ni mita ngapi kwenye meli halisi. Akipata jibu sawa na lako, rangi yako imefundisha. Akianza kuuliza mstari unaanzia wapi, chukua msasa, tuanze upya.