Alitaka Kupanda Mashua, Akarudishwa Kwao

Somo: Marko 5:1-20



Dada mmoja wa kidato cha sita, mzaliwa wa Rwamgasa, amenionyesha fomu aliyojaza ya kwenda kujitolea Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Miezi mitatu. Anatamani kuwafundisha kusoma watoto waliokimbia vita Kongo. Nilifurahi kweli, maana wengi wetu tukisikia "nje" tunawaza kwenda kutafuta, yeye anawaza kwenda kutoa. Akaniuliza: "Kaka, nitajuaje kama ni wito au ni hamu ya kusafiri tu?"

Tuangalie Injili. Yule mtu wa Gerasa aliyekuwa akiishi makaburini ameponywa, amevaa nguo, akili zimetulia. Yesu anapanda mashua, naye anamsihi waende wote. Ombi zuri kuliko hilo lipo? Lakini Yesu anamkatalia, anamwambia arudi kwa ndugu zake akawaeleze jinsi Bwana alivyomhurumia. Hebu fikiria: kurudi kwa watu waliowahi kumfunga minyororo! Kuondoka na Yesu kulikuwa rahisi zaidi. Naye akaenda kutangaza katika Dekapoli, yaani miji kumi. Kumbe hakunyimwa safari, alionyeshwa ianzie wapi.

Nikamwuliza dada yetu: nyumbani dhahabu mnachomea wapi? Akacheka kidogo. "Jikoni. Bibi anachomea kwenye kijiko, jiko lile lile la ugali." Na mdogo wake wa miaka tisa, siku asizoenda shule, yuko mwaloni anakanda zebaki kwa mikono mitupu. Hakuona kama hilo linahusiana na fomu.

Linahusiana sana. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walifika Rwamgasa hiyo hiyo kuchunguza zebaki, wakawapima watu damu, mkojo na nywele. Kwao, hapa ndipo palikuwa "nje". Mvuke wa zebaki hauonekani, lakini unaharibu ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni haponi. Kuna chombo cha kuchomea kinachofungwa, kinanasa mvuke, na zebaki inarudi itumike tena, kwa hiyo hata mfuko unapona. Sasa nani amwambie bibi? Mgeni ataonekana amekuja kuzuia riziki. Mjukuu atasikilizwa. (Atafokewa kwanza, ila atasikilizwa.)

Sikumwambia aichane fomu. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alitamani kwenda kwa Wakarmeli wa Hanoi, Vietnam, ugonjwa ukamzuia, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Mwaka 1927 Papa Pius XI alimfanya msimamizi wa misioni pamoja na Fransisko Ksaveri, aliyevuka bahari mpaka Japani. Kanisa limewaweka pamoja, aliyebaki na aliyekwenda.

Majibu ya Nakivale bado hayajaja. Bibi amekubali kuchomea nje, mbali na jiko, kwa manung'uniko. Habari ya chombo kile bado anaikataa, anasema kinakula dhahabu. Na suala la mdogo wake lina ugumu, kwa sababu ile hela ya mwaloni ndiyo inayonunua madaftari.

Maswali ya kikundi:

Yule mtu wa Gerasa alimwambia nani kwanza, unadhani, alipofika kwao?

Kama TYCS yenu ingeamua kununua madaftari ya mtoto mmoja ili asiende mwaloni, hela ingetoka wapi?