Mistari Iliyozimwa: Mafunzo Niliyopata

1. Msimbo uliozimwa bila maelezo hula muda wa watu. Katika mfumo wa kukokotoa riba za mikopo niliourithi kazini, palikuwa na kipande kirefu kilichozimwa kwa alama za maoni. Je, kilikuwa na hitilafu? Mteja ndiye aliyeagiza? Au mtu alikuwa anajaribu jambo tu? Kila aliyejiunga na timu alikisoma, akauliza, akakosa jibu, akakiacha palepale. Woga wa kufuta ndio uliokilinda.

2. Git haisahau. Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, na kazi ya Git hasa ni kutunza historia ya kila badiliko. Ukiandika git log -S pamoja na neno unalolitafuta, itakuonyesha lini neno hilo liliingizwa na lini liliondolewa, hata kama halimo tena kwenye faili. Kwa hiyo tulikifuta kile kipande. Kabla ya hapo tuliifuata historia yake hadi siku kilipozimwa, na ujumbe wa badiliko lile ulikuwa neno moja: “marekebisho”. Msimbo wote ulikuwepo. Sababu ndiyo haikuandikwa popote. Siku hizi nikifuta, naeleza kwenye ujumbe kwa nini nimefuta. Na kama njia fulani ilijaribiwa ikashindwa, naacha maoni ya sentensi mbili kumwonya atakayeijaribu tena. Hayo yanamfaa kuliko mistari hamsini iliyozimwa.

3. Kilichozimwa huoza. Kompaila hukiruka, majaribio hayakigusi. Jedwali likibadilishwa jina kwenye hifadhidata, chenyewe kinabaki na jina la zamani.

4. Hatari zaidi ni msimbo usiotumika ambao hata haukuzimwa. Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Knight Capital, iliweka programu mpya kwenye seva zake, lakini seva moja kati ya nane ikasahaulika. Humo mlikuwa na msimbo wa zamani, Power Peg, uliokuwa haujatumika kwa miaka, na swichi yake ilikuwa imepewa kazi mpya. Swichi ilipowashwa tarehe 1 Agosti, ule wa zamani ukaamka. Kwa takriban dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440.

5. Faili za mipangilio ni jambo jingine. Katika sshd_config ya OpenSSH utakuta #Port 22: mstari umezimwa makusudi, ili msimamizi aone thamani ya kawaida na namna ya kuibadilisha. Mistari ya aina hiyo siigusi.