Nimenuniana na wifi yangu kwa sababu ya Harmonize

"Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, fundi cherehani hapa Mugoma, Ngara. Napenda Bongo Fleva tangu nasoma shule ya msingi. Mume wangu anasema ushabiki ni utoto, haujanifundisha kitu wala kuniingizia hata senti. Yeye mwenyewe ni Yanga, siku ya watani haongei na mtu. Mimi nakataa, maana tangu nisikie habari za mkataba wa Harmonize na Wasafi, sishoni sare za shule bila kuandikishana na mteja. Tatizo ni kwamba kwa huyohuyo Harmonize nimegombana na wifi yangu. Yeye ni Wasafi damu, mimi nikaenda na Harmonize, Konde Boy mwenyewe. Tukarushiana vijembe kwenye stetasi mpaka mambo ya ndoa yangu yakaingia. Sasa hatusalimiani, na mwezi ujao yeye ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu. Je, mume wangu ana haki? – Fundi, Mugoma."

Shangazi ameisoma barua hii mara mbili, ya pili kwa kucheka, na ataanza na mume kwa sababu huyo ndiye mwepesi. Mwanamume anayeishabikia klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, ambaye timu yake ikifungwa sahani inarudi jikoni na ugali wake, hana mdomo wa kumwita mwenzake mtoto. Kama ushabiki ni utoto, basi nyumba hiyo ina watoto wanne.

Swali la kama ushabiki umemfundisha kitu, Fundi amelijibu mwenyewe bila kujua. Harmonize, kijana wa Mtwara, ndiye msanii wa kwanza kusainiwa na WCB Wasafi ya Diamond Platnumz, mwaka 2015. Mwaka 2019 akaondoka, na akaeleza hadharani kwamba kujitoa kwenye mkataba kulimgharimu shilingi milioni 500, hata ikabidi auze mali. Mwaka 2022 Rayvanny, msanii mwingine wa Wasafi, naye akatoka. Mashabiki wengi walibaki wakibishana nani mchoyo na nani hana fadhila. Fundi wa Mugoma akauliza swali ambalo mawakili hulipwa kuliuliza: karatasi ilisemaje?

Kwa fundi wa kijijini swali hilo lina uzito wake. Januari wazazi huja kwa mafungu, kila mmoja na kitambaa chake na haraka yake. Anatanguliza nusu, anaahidi kumalizia akiuza maharage, na sare zikishakamilika anaanza kusema bei haikuwa hiyo. Daftari lenye jina, vipimo, bei, kiasi kilichotangulizwa, tarehe ya kuchukua na sahihi linamaliza ubishi huo kabla haujaanza. Shangazi anaongeza jambo moja tu: mteja apewe nakala yake, au ukurasa upigwe picha na kutumwa kwenye simu yake palepale, ili pande zote mbili ziwe na maneno yaleyale.

Kuna msanii wa karibu zaidi na nyumbani ambaye barua haikumtaja. Saida Karoli alizaliwa Bukoba Vijijini, hukohuko Kagera, na mwaka 2001 akatoka na albamu ya Maria Salome chini ya FM Music Bank ya Felician Muta. Aliimba Kihaya, juu ya mapigo ya ngoma, wakati redio za mjini zimejaa vijana wa kufokafoka. Nchi nzima ikamwimba. Hata Wahangaza wa Ngara, ambao lugha yao iko karibu na Kirundi kuliko Kihaya, walishika kiitikio bila kushika maana yake. Kwa binti wa pembezoni mwa nchi, aliyezoea kuambiwa kwamba chochote cha maana kinatoka Dar es Salaam, kusikia sauti ya mkoa wake harusini Tanga na kwenye mabasi ya Mbeya ni somo ambalo darasani halikuwepo.

Halafu Saida akapotea masikioni. Miaka ikapita, uvumi ukamzushia hadi kifo, na wimbo wake ukaendelea kupigwa kana kwamba hauna mwenyewe. Septemba 2016 Diamond na Rayvanny wakautengeneza upya kwa jina la Salome, watoto ambao hawakuwepo mwaka 2001 wakaucheza, na ndipo watu wakaanza kumuulizia mama mwenye wimbo. Mwaka 2017 alirudi na Orugambo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na taasisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kusimamia hilo. Lakini haki inaweza kuhamishwa kwa maandishi, na kijana mwenye kipaji asiyekuwa na mtu wa kumsomea karatasi anaweza kuihamisha bila kujua uzito wake. Shabiki aliyeifuatilia safari ya Saida mwanzo hadi mwisho amejifunza biashara ya sanaa kuliko wengi waliosoma vitabu vyake.

Hapo upande wa Fundi unaishia. Upande wa wifi ni habari nyingine.

Ushabiki huharibika pale shabiki anapojiona askari. Timu Diamond na Timu Kiba, yaani mashabiki wa Diamond na wa Alikiba, walitukanana miaka mingi, ingawa wasanii wote wawili asili yao ni Kigoma ileile. Mwaka 2016, kwenye tuzo za MTV Ulaya zilizofanyika Rotterdam, ushindi wa Afrika alitangaziwa Wizkid wa Nigeria, kisha siku chache baadaye waandaaji wakabadilisha na kumpa Alikiba. Mitandaoni usiku haukulalika. Waliopiga kura, walioshangilia na waliolia, asubuhi walirudi shambani na dukani na mifuko ileile.

Wasanii wenyewe hawagombani kwa kiasi hicho. Harmonize na Rayvanny walivuana nguo hadharani mwaka 2021, maneno ambayo mtu mzima hawezi kuyarudia mbele ya wakwe. Baadaye wakaingia studio pamoja, wakatoa Sensema, wakalipwa. Fundi na wifi yake hawakulipwa kwa ugomvi wao, na bado hawasalimiani.

Sasa Fundi afanye nini? Asianze na simu. Stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini picha ya skrini haifutiki, na huenda wifi anazo zote. Amwone kwanza mama mkwe, kwa sababu wifi ni binti yake, na akisikia ubatizo umeingia mgogoro kutoka kwa watu baki atakasirika zaidi. Kisha aende mwenyewe kwa wifi, mchana, na sukari na sabuni mkononi kama mtu anayekwenda kwa watu wake. Aombe radhi kwa vijembe alivyorusha yeye. Kuhusu Harmonize asiombe radhi wala asitetee, na wifi akichokoza, akubali kwamba Diamond anaimba vizuri, kwani ni kweli.

Mume amekosea kuhusu daftari, na amepatia kuhusu ugomvi, ingawa huenda hakuwa anaufikiria aliposema ushabiki ni utoto. Akipata nafasi alifungue daftari hilo la sare, ahesabu ni wadeni wangapi wamelipa tangu mkewe aanze kuandikishana nao. Na siku ya ubatizo, nyimbo achague mtu wa tatu, asiye wa Wasafi wala wa Konde Gang ya Harmonize.